Kabo ya ambreyaji imekatika? Usitupe maiti yake

Wiki hii barua ni tatu na nusu, ile nusu mtaiona ku mwisho, na zote ni za moto na zote ni za ambreyaji, sijui ni vumbi ama ni vile sisi watu wa Goma tunapenda kulala na vidole juu ya maneti hata pasipo sababu. Wasomaji wa upande wa Kenya na Tanzania, pale nitaandika kabo ya ambreyaji nyinyi someni waya ya klachi, ni kitu moja, na moto ni pikipiki, maneti ni kile kishikio cha klachi chenye unafinya kwa vidole.

Yaya fundi, jambo sana. Miye ni mwalimu, nakaa Ndosho, niko na TVS yangu ya kwendea kazi, si ya taxi. Juzi asubui niko nashuka kwenda Signers nikafinya maneti nikasikia tak! na maneti ikabaki laini kama haina kitu ndani, moto ikazima katikati ya barabara bamotari bananipigia klaksoni. Nikasukuma mpaka kwa fundi wa pembeni, akasema niache moto mpaka kesho juu ana kazi mingi. Jirani yangu ananicheka, eti ni kazi ya nusu saa unafanya mwenyewe mu parseli (uwanja wa nyumba). Ni kweli? Niko na kle (spana) mbili na pinsi (koleo) tu. Na siku ingine ikinikatikia mbali, narudi namna gani?

Mwalimu, jambo. Jirani yako hakudanganya ila ile nusu saa ni ya mtu mwenye ameisha kuifanya mara tano, weye mara ya kwanza hesabu saa nzima, na robo yake utakuwa unatafuta ekuru (nati) yenye imeanguka chini. Sicheki. Hapa kwetu parseli nyingi ni mawe meusi ya volkani, ekuru ikiingia mule umeiaga, kwa hiyo kitu ya kwanza kabla ya kle ni kutandika kikwembe ya zamani chini ya moto.

Ya pili, usikimbilie Birere kununua kabo mpya kabla ujaangalia ile iliyokufa. Watu wanaitupa, ama wanamwachia fundi, na kumbe maiti ndiyo inasema ugonjwa. Kabo si waya moja, ni nyuzi ndogo ndogo za chuma zimesokotwa pamoja, zinapita ndani ya ganda, na ku mwisho wa juu kuna kichwa kadogo kama pipa chenye kinaingia mu tundu ya maneti. Kile kichwa kinapaswa kuzunguka kidogo kila mara unafinya. Kikiwa kikavu, kimejaa vumbi, hakizunguki, basi inayokunjika ni waya yenyewe, palepale ku shingo ya kichwa, huku na huku, huku na huku, siku nzima, sawa vile unakunja kipande ya waya kwa mikono mpaka inakatika. Uzi moja unakufa leo, mwingine wiki ijayo, na weye husikii kitu juu wenye kubaki bado wanavuta. Siku wanabaki watatu ndiyo unasikia tak. Kwa hiyo ile kabo yako haikukatika juzi Signers, mwalimu, imekuwa ikikatika tangu siku mingi na juzi ilikuwa mazishi tu.

Kamata ile ncha iangalie ku mwangaza. Nyuzi zenye kutu ama zenye kuwa nyeusi zilikufa zamani, zenye kung'aa zimekufa juzi. Kama umeona imekatika ku shingo ya kichwa, dawa ni grese, nitarudi pale. Kama imekatika katikati ama ganda limeyeyuka, ujue ilikuwa inagusa eshapma (ekzosi) ama imebanwa nyuma ya taa kila ukikata gidoni (usukani), na hata ukiweka mpya ukaipitisha njia ile ile itakufa vile vile. Kama ni chini karibu na moteri, ni matope na maji vinaingia mu ganda.

Sasa nenda ununue, na nenda na maiti mu sashe (mfuko wa plastiki). Usimwambie muuzaji "nipe ya TVS" basi, hiyo TVS iko na modeli mingi na Boxer vile vile, kwa macho kabo zinafanana lakini moja inazidi ingine sentimita tatu na umeshindwa kufunga. Lalisha mbili pamoja juu ya kaunta: urefu wa ganda, urefu wa waya yenye inatoka inje ya ganda, umbo la vichwa vyote viwili. Kisha vuta waya ndani ya ganda kwa vidole viwili, inapaswa kuteleza pasipo kukwaruza. Ikikwaruza ikiwa mpya, irudishe papo hapo. Na kama franga zinaruhusu nunua mbili, nitakwambia kwa nini.

Ukirudi nyumbani simamisha moto ku bekiye (stendi) ya katikati, iache ipoe kabisa juu eshapma iko karibu na pale mikono itafanya kazi, na piga picha kwa simu namna kabo ya zamani inapita, kutoka ku gidoni mpaka chini, picha tatu nne. Utanishukuru baadaye.

Anza juu. Ku maneti ya kushoto toa ile kofia ya mpira kama iko, utaona kavisi (skrubu kadogo) ya kurekebishia yenye inazunguka kwa vidole, na pete ya kuifunga. Legeza pete, kisha ingiza kavisi ndani mpaka mwisho. Angalia vizuri: kavisi iko na mkato, pete iko na mkato, na mwili wa maneti uko na mkato. Zungusha mpaka mikato yote mitatu imekaa mstari moja, ndiyo siri yote ya kazi hii, watu wanavuta kwa pinsi mpaka wanaharibu na kumbe mlango ulikuwa wazi. Mikato ikilingana, vuta ganda litoke mu kavisi, telezesha waya mu mkato, na kile kichwa kinatoka kwa chini ya maneti chenyewe. Yako imeisha kukatika, kwa hiyo kipande cha kichwa kitabaki mu tundu, kisukume na msumari.

Chini, kwa moto nyingi ndogo za hapa, TVS, Boxer na binamu zao za China, mkono wa ambreyaji uko upande wa kuume wa moteri. Pale kabo inashikwa na ekuru mbili zenye kubana kipande cha chuma, mara nyingi kle namba 10 ama 12. Zilegeze zote mbili, sukuma ule mkono kwa kidole kuelekea pale kabo inavuta, na waya itapata nafasi ya kutoka mu ndoano. Kwa moto zingine kuna kaulimi ka chuma kamekunjwa ili waya isitoke, kainue kidogo na turnavisi (bisibisi), usikainue mara kumi juu katakatika.

Kabla ya kuvuta ya zamani yote itoke, funga kamba ku ncha yake moja. Kamba yoyote, hata ya mosquitaire. Ukivuta kabo ya zamani kamba inafuata, inabaki imelala mu njia yenyewe, kisha unafunga kabo mpya ku kamba unavuta kurudi. Hapo hakuna kuwaza ilipita mbele ya taa ama nyuma.

Lakini kabla ya kuivuta kurudi, inyweshe. Kata kona ya sashe, ingiza ncha ya kabo, zungushia skochi (selotepu) vizuri ikuwe kama mdomo wa chupa, ning'iniza kabo wima ku dirisha ama ku mti, na utie matone ya mafuta ya moteri, kidogo tu, na weye uvute vute waya. Acha mpaka uone tone linatoka chini. Mafuta mepesi, si grese, grese ndani ya ganda inakamata vumbi na inageuka msasa. Kama muuzaji amekwambia ganda lina plastiki ya kuteleza ndani na halitaki mafuta, msikilize, uache.

Kisha funga: chini kwanza, ekuru bado zimelegea, halafu juu. Na sasa ndiyo ile grese: paka kile kichwa, paka tundu ya maneti, toa na ile bulo (bolti) yenye maneti inazungukia uipake pia. Kiasi cha punje ya maharagi kinatosha. Ni hiyo tu. Fundi wengi wanafunga kabo kavu kavu juu wana haraka, na nisiseme zaidi, miye pia nimekuwa fundi wa haraka.

Kurekebisha: chini unatafuta kwa jumla, juu unamalizia. Ncha ya maneti inapaswa kutembea bure kama milimita 10 mpaka 20 kabla ujasikia uzito wa ambreyaji, kitabu cha moto yako kikisema ingine fuata kitabu. Funga ekuru na pete. Kata gidoni kushoto mpaka mwisho, kuume mpaka mwisho, na ile nafasi isibadilike. Ikibadilika, kabo imebanwa ama inavutwa, rudi ku picha zako. Washa moteri moto ikiwa ku bekiye gurudumu la nyuma hewani, watoto wakae mbali, finya, tia vitesi (gia) ya kwanza: gurudumu linaweza kujizungusha kidogo lakini ukigusa freni linasimama pasipo moteri kuhangaika. Sawa. Kisha siku mbili tatu urudi upime tena nafasi, kabo mpya inakaa kidogo.

Swali lako la kurudi nyumbani. Kama hauko mu msongamano na hauna mtu nyuma, moto inatembea pasipo ambreyaji. Weka puamori (gia huru), washa, isukume kwa miguu ipate mwendo kidogo, kama kuna mteremko ni baraka, kisha kanyaga ya kwanza kwa uhakika. Itaruka, jishikilie. Kupandisha vitesi, rudisha gazi kidogo na ukanyage palepale, inaingia. Kusimama ndiyo kazi: tafuta puamori ungali unatembea, ama zima moteri. Ndosho–Signers saa moja asubui usijaribu, sukuma tu.

Na ile kabo ya pili niliyosema ununue, ipitishe kando ya ile ya kwanza, njia ile ile, ifunge na skochi, ncha zake uzifunge na vipande vya sashe zisinywe maji. Siku ya kwanza ikikatika, hata kama ni usiku njia ya Sake na mvua, unahamisha vichwa viwili tu, umeenda.

Papa fundi, jambo. Miye ni mama, nauzisha mu Majengo, niko na Boxer nimemupa kijana anafanya taxi, ananiletea verseman (franga ya kila siku ya mwenye moto) kila jioni. Lakini kila mwezi, kila mwezi papa, verseman ya siku moja haifiki, eti kabo ya ambreyaji imekatika. Dada yangu anasema kijana anakula franga yangu. Miye sijui moto, sijui hata kabo inafanana na nini. Nitajuaje?

Mama, jambo sana. Mwambie dada yako angoje kidogo, kijana usimwite mwizi bado, na usimwite malaika pia.

Weka sheria moja: hakuna maiti, hakuna matanga. Kabo ikikatika alete ile iliyokatika, uikamate kwa mkono wako, uiweke mu kikopo pale dukani na tarehe. Wala huhitaji kujua moto. Angalia ncha. Kabo yenye imejifia yenyewe, nyuzi zake zinakuwa zimeachana kama nywele zenye hazijasukwa, moja ndefu moja fupi, zingine na kutu zingine zinang'aa. Kabo yenye imekatwa na pinsi, nyuzi zote zinaishia mstari moja na zote zinang'aa, ncha zimebinywa bapa. Ukiona ya namna hiyo, hapo unaweza kumwita mkakaa chini mkaongea. Na angalia ni kabo ingine kweli, si ile ile ya mwezi uliopita inarudi kukuamkia, ndiyo sababu nimesema uichunge mu kikopo.

Sasa upande wa kijana. Moto ya taxi hapa Goma inafinywa maneti mara mingi sana kuliko ya mwalimu wa Ndosho. Kliya (abiria) anasimamisha kila mita mia, barabara za kartye ni mawe, kule juu kuelekea Munigi unapanda na watu wawili nyuma na kigunia, ambreyaji nusu imefungwa nusu wazi. Vumbi ya hapa nayo ni ya volkani, inakwaruza. Kwa hiyo kabo yake kuisha mbele ya ya mtu mwingine si ajabu. Ila kila mwezi, mama, hapana. Kila mwezi ni kwamba kuna kitu kinaiua, na kama maiti zote zimekatika palepale ku shingo ya kichwa, nenda na kijana kwa fundi mwambieni atoe maneti yenyewe. Tundu yenye kichwa kinakaa mara nyingi inakuwa imeliwa, imegeuka yai badala ya mviringo, na bulo yake inacheza. Unaweka kabo mpya mu tundu mbovu, inakatwa. Maneti na bulo vinabadilishwa siku moja, na haviko vya kukutia hasara kama ile verseman unayopoteza kila mwezi. Na mpe kijana kakopo kadogo ka grese, mwambie kila Siku ya Mungu mbele ya misa anapaka kichwa.

Kama amepaka, maneti ni mpya, na kabo bado inakufa kila mwezi na maiti haiji... basi dada yako ana akili.

Fundi mambo, niko etudia (mwanafunzi) hapa Himbi. Nilibadilisha kabo miye mwenyewe nilikuwa na furaha sana juu maneti ilikuwa inakamata palepale nikigusa tu, tamu kabisa. Sasa nikipanda mlima na vitesi ya tatu ama ya ine moteri inalia kwa nguvu lakini moto haiendi, na kuna harufu kama ya kitu kinaungua. Ni pistoni?

Mdogo wangu, si pistoni, ni ile utamu yako. Umekaza kabo mpaka haina nafasi hata kidogo, ni sawa vile umeweka kidole juu ya maneti siku nzima, disiki hazifungani kabisa, zinateleza zinaungua, na hiyo harufu ni zenyewe. Leo, si kesho, legeza mpaka maneti itembee bure zile milimita 10 mpaka 20. Kama ulikamata mbio, itarudi sawa. Kama umelegeza, nafasi iko, na bado inalia mu mlima, disiki zimeisha, na hapo nenda kwa fundi juu ni kufungua kifuniko cha moteri, kumwaga mafuta, si kazi ya parseli mara ya kwanza.

Uliza na mafuta gani uko unatia. Ambreyaji ya moto hizi inaogelea mu mafuta ya moteri, na mafuta mengine ya gari yana dawa ya kuteleza yenye inafanya disiki ziteleze pia. Ku bidoni tafuta maandishi JASO MA, hiyo ndiyo ya moto. Na ukisikia kinyume chake, vitesi ngumu kuingia, puamori haipatikani, moto inataka kutembea hata umefinya mpaka mwisho, ni kwamba kabo imelegea sana.

(SMS, haina jina) Fundi waya ya freni ya kinga (baiskeli) inaweza kushika nafasi ya kabo ya ambreyaji??

Ya kukufikisha nyumbani, na ukiibana na kipande ya domino ya umeme (kiunganishi cha waya) mahali pa kichwa, ndiyo. Ya kubebea kliya, hapana, ni nyembamba.